Kijahazi, jahazi dogo au mfano wa jahazi? Naomba msaada wa neno

#1 Fundi_Foromali (Bagamoyo)
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi, nachonga majahazi madogo ya kupamba sebuleni, urefu shubiri mbili hivi. Mkuku umo, mataruma yamo, mlingoti, foromali (ule mti unaobeba tanga), tanga la kitambaa cha marekani, hata kamba za kulishushia tanga zipo na zinavutika. Nauza hapa Bagamoyo, upande wa ufukweni.

Wiki iliyopita nimeandika kibao: VIJAHAZI VINAUZWA. Siku hiyohiyo nikapata kesi mbili. Asubuhi mama mmoja mgeni wa Dar akanishika: "Fundi, mbona unaitukana kazi yako mwenyewe? Kijahazi si ni jahazi lisilo na maana?" Jioni akapita mzee mmoja, baharia wa zamani, akasoma kile kibao, akaniuliza viko wapi hivyo vijahazi maana ana chokaa ya kuvusha. Mzee hatanii. Alikuwa anaangalia baharini.

Sasa swali langu. Kitu kilichofanywa kidogo kwa makusudi, chenye kila kiungo cha kile kikubwa, Kiswahili tunakiitaje? "Modeli" sikitaki, ukisema modeli hapa mjini watu wanauliza dada gani huyo.

#2 Mpita_Njia
Napiga kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Binti_Sahare (Tanga)
Fundi, jibu unalo mwenyewe. Mlima, kilima. Kapu, kikapu. Donge, kidonge. Sahani, kisahani. Jahazi, kijahazi. Hili ni somo la darasa la tano. Mods fungeni uzi.

#4 Ndizi_Mbivu (Muheza)
Usifungwe. Dada Binti_Sahare, sukari ikiwa ndogo inaitwaje? Maana kwetu kisukari ni ndizi, na hospitali kisukari ni ugonjwa. Ile ndizi angalau ni fupi na ni tamu. Huo ugonjwa nani kakwambia ni mdogo?

#5 Mwalimu_Mstaafu (Pangani)
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, kwa hiyo mniruhusu nirefushe kidogo.

Binti_Sahare yuko sahihi nusu. Ki- inapunguza, kweli. Tena shina likiwa la silabi moja, ki- peke yake haitoshi, inaomba msaada wa ji: mti, kijiti, mto, kijito, mtu, kijitu. Na mji je? Shina lake ni hilohilo -ji, likaongezewa ji, tukapata kijiji. Maana yake ya asili ni mji mdogo tu. Lakini nani leo akisema kijiji anafikiria udogo? Tangu enzi za Ujamaa na ile sheria ya vijiji ya 1975, kijiji ni ngazi ya serikali, kina mwenyekiti na mhuri. Udogo umeondoka, jina limebaki.

Nyumba nayo tazameni. Ikipunguzwa, ki- inakutana na u, inakuwa chumba. Ikikuzwa, jumba. Kwa hiyo chumba ni nyumba ndogo iliyomo ndani ya nyumba. Ukitaka sasa kusema nyumba ndogo yenyewe, huwezi tena kusema chumba, inabidi kijumba. (Na tafadhali mtu asilete ile "nyumba ndogo" nyingine, nawajua.)

Basi Fundi, tatizo lako ni la zamani. Neno la udogo likitumika sana, linapata kazi yake na kuhama. Jiwe lilitoa kijiwe, na kijiwe leo ni pale vijana wanapokaa kupiga soga, hata kama hakuna jiwe. Jicho lilitoa kijicho, na kijicho ni husuda. Na dau lilitoa kidau, ambacho ni chombo kidogo cha baharini na vilevile ni kile kichupa cha kuwekea wino. Sisi tuliosoma kwa kalamu za kuchovya tunakijua.

#6 Kijiwe_Chetu
Mwalimu umetisha. Mimi nilidhani kijiwe ni kwa sababu mkeka wa kahawa unashikiliwa na mawe.

#7 Mkonge_Damuni (Korogwe)
Mwalimu amesahau mfano mkubwa kuliko yote kwetu huku: kibarua. Barua ndogo! Babu yangu alikata mkonge. Alikuwa akisema mzungu wa shamba alikuwa anakupa kikaratasi asubuhi, na hicho kikaratasi ndicho kibarua. Mwishowe jina likatoka kwenye karatasi likamvaa mtu. Leo mtu anasema "mimi kibarua", yaani anajiita karatasi.

#8 Msomaji_wa_Nyaraka
Mkonge_Damuni, heshima kwa babu, ila nadhani amechanganya vitu viwili. Kwenye mashamba ya mkonge kilichotawala kilikuwa kipande. Kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi yako ya siku inatiwa alama moja. Zikitimia 30 ndipo unalipwa mshahara, hata kama zimekuchukua mwezi na nusu. Ndiyo maana wazee wanasema "nimemaliza kipande".

Kibarua kama jina la mtu wa kazi ya kutwa ni la zamani kuliko mkonge. Unguja karne ya 19 lilikuwa linatumika kwa watumwa waliokodishwa kwa siku, ujira wakigawana na bwana wao. Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Miche 1,000 ilisafirishwa kupitia Hamburg, ikafika mizima 62. Hapo kibarua kilikuwa kimeshazaliwa zamani.

Lakini angalia: kipande nacho ni pande lililopunguzwa. Ni kama vile ofisi za wakati ule zilipenda kumpa mtu mkubwa jina la kitu kidogo.

#9 Mkonge_Damuni
Sawa nimekubali kipande. Ila babu alisema kikaratasi na mimi siwezi kumwita babu mwongo humu jukwaani.

#10 Msomaji_wa_Nyaraka
Hajaitwa mwongo, kikaratasi ni hichohicho 😀

#11 Chale_wa_Kaole (Bagamoyo)
Watu wa Tanga mmekuwa wengi humu. Naomba kuuliza: tanga likipunguzwa si ni kitanga? Kwa hiyo nyie mkipungua mnakuwa kiganja cha mkono?

#12 Binti_Sahare
Na kitanga cha mizani pia. Tunapima wengine. Waja leo, waondoka leo. Wewe wa kubwaga moyo endelea kubwaga.

#13 Ustadhi_wa_Chuo (Tanga)
Asalaam aleikum. Waarabu wao hawaongezi kitu mbele, wanalifinyanga neno lenyewe katikati. Hasan akipunguzwa anakuwa Husein. Ndiyo, Husein ni "Hasani mdogo", "kizuri kidogo". Abdi inatoa Ubeidi. Na hakuna mtu anayemwita mwanawe Huseini akakusudia dharau, ni mapenzi. Kwa hiyo yule mama wa Dar aliyesema kupunguza ni kutukana amechukua upande mmoja tu wa shilingi... samahani, nimekosa mfano mzuri. Amechukua jambo moja akaacha jingine.

Na kwa kuwa tunazungumza vitu vidogo vyenye kila kiungo: ile nukta nyeusi ya jicho, mboni, Kiarabu wanaiita insanul-ayn, mtu wa jicho. Mtazame mwenzio machoni karibu sana, utajiona wewe mwenyewe umo mle, mdogo, mzima, hata kofia yako utaiona. Nimewaonyesha watoto chuoni wakakataa kusoma siku nzima, wanatazamana macho.

#14 Sanaa_Tupu (Bagamoyo)
Ustadhi umenikumbusha. Kilatini nacho mboni wanaiita kwa jina la mwanasesere mdogo, kwa sababu hiyohiyo. Kumbe watu mbalimbali walitazama jicho moja wakaona kitu kimoja.

Nilikuwa nataka kuchangia neno la Kitaliano, *miniatura*, ambalo ndilo Wazungu wanalitumia kwa vitu kama vya Fundi. Kila mtu anadhani limetokana na "mini", kitu kidogo. Sivyo. Limetokana na *minium*, rangi nyekundu inayotengenezwa kwa madini ya risasi. Waandishi wa zamani wa vitabu vya mkono walipamba herufi kwa rangi hiyo, kazi hiyo ya kupaka ikapata jina, kisha michoro iliyomo humo vitabuni ikaitwa hivyo. Ilikuwa midogo kwa sababu ukurasa wenyewe ni mdogo. Basi watu wakasikia "mini-", wakaona picha ni ndogo, wakaunganisha wenyewe. Neno la rangi likageuka neno la udogo kwa bahati ya sauti tu.

Huku kwetu misahafu ya kale ya Siyu, kule kisiwa cha Pate, ilipambwa kwa wino mwekundu, mweusi na manjano. Kazi ileile. Ila sisi hatukupata neno la udogo kutoka kwenye wino.

#15 Ndizi_Mbivu
Kwa hiyo Fundi aandike "MAJAHAZI YA RANGI NYEKUNDU".

#16 Fundi_Foromali
Nacheka peke yangu karakanani. Asanteni sana wakuu. Mwalimu, nimeelewa, lakini bado sina neno.

#17 Mama_Vifuu (Tanga)
Mimi sijasoma sana ila nimelea. Sisi utotoni tulikuwa na mtoto wa bandia. Bibi alikuwa anaufunga mwenyewe kwa matambara, kichwa anatia sufi, macho anashona kwa uzi mweusi. Tulimvika kanga, tulimbeba mgongoni, tulimpikia kwenye vifuu, mchanga ndio ubwabwa. Neno bandia lilikuwa la raha.

Sasa hivi nikisikia bandia ni noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Limeharibika kabisa. Mjukuu wangu nilimwambia nitakushonea mtoto wa bandia, akasema bibi mimi nataka orijino.

#18 Fundi_Foromali
Mama shikamoo. Nikiandika MAJAHAZI BANDIA kesho nafungiwa banda 😂

#19 Mwalimu_Mstaafu
Mama_Vifuu amesema jambo la maana. Neno bandia lilikuwa na heshima yake: kitu kilichofanywa kwa mfano wa mtu. Tofauti ya mfano na ulaghai iko kwenye nia ya aliyetengeneza, na neno likazamia upande wa ulaghai. Mwanasesere limepona kwa kuwa ndani yake lina "mwana". Hakuna mtu anayesema noti mwanasesere.

Kwa hiyo mnaona, Kiswahili kina njia ya pili ya kupunguza: kutumia mtoto au mwana. Droo ya meza wazee waliiita mtoto wa meza.

#20 Chale_wa_Kaole
Na mtoto wa jicho? Huyo si mboni ya Ustadhi, huyo ni ukungu, anakupofusha.

#21 Ustadhi_wa_Chuo
Kweli. Mtu wa jicho anaona, mtoto wa jicho anaziba. Lugha hizi.

#22 Mpita_Njia
MTOTO WA JAHAZI. Nimemaliza. Nitumieni hela ya soda.

#23 Chale_wa_Kaole
Hapana. Ukisema mtoto wa jahazi mimi naelewa kile kidau kinachofungwa nyuma, cha kushukia pwani. Fundi atapata mteja mwingine wa chokaa.

#24 Mwana_wa_Kagera
Poleni na shida ya Pwani. Kwetu Kihaya hakuna ubishi: nyumba ni enju, kanyumba ni akaju. Ka- ni ya udogo, basi. Haina ugonjwa, haina lugha, haina dharau ya lazima. Nyinyi ki- yenu mmeibebesha udogo, mmeibebesha Kiswahili na Kizungu, mmeibebesha kipofu na kiziwi na kiwete, halafu mnashangaa mteja hakuelewi. Fundi andika KAJAHAZI, TUJAHAZI, maisha yaendelee.

#25 Binti_Sahare
Tujahazi!! Toka hapa. Hiyo ni ya huko bara na Kenya. Mtu wa pwani ukimwambia kanyumba anajua moja kwa moja huyu kashuka na basi la asubuhi.

#26 Mwana_wa_Kagera
Dada punguza ukali. Ndugu zetu wa Kibantu karibu wote wanayo. Kisukuma wanayo, Kikikuyu wanayo. Nyinyi ndio mmeipoteza njiani, labda ilianguka baharini.

#27 Mwalimu_Mstaafu
Hoja ya Kagera msiidharau. Inawezekana kabisa ki- ilielemewa baada ya ka- kuondoka katika Kiswahili sanifu. Kazi ya watu wawili ikaachiwa mmoja. Lakini siafiki kwamba kipofu na kiziwi ni ki- nyingine tofauti. Mimi naona ni udogo uleule: mtu aliyepungukiwa kitu. Ndiyo maana ndani ya ki- mna dharau iliyolala. Ukiamsha inaamka.

#28 Msomaji_wa_Nyaraka
Mwalimu kwa heshima, sikubaliani. Kijana hana upungufu. Kiongozi je? Kinyozi je? Hizo ni ki- za mtu na kazi yake. Kuweka zote kwenye upungufu ni kama kusema kitabu ni tabu ndogo.

#29 Ndizi_Mbivu
Kitabu NI tabu ndogo. Muulize mwanangu wa form two.

#30 Ustadhi_wa_Chuo
Kitabu ni neno zima la Kiarabu, kitab. Ile ki- haikuletwa na sisi, ilikuja nayo kwenye jahazi. Sisi tukaidhania kiambishi, tukapata vitabu. Sawasawa na vipilefti vya barabarani, kutoka "keep left" ya Kizungu.

#31 Mzamia_Dagaa (Tanga, Deep Sea)
Mimi nauza dagaa, nasikia mnazungumza vitu vidogo bila sisi. Wateja wengi wa bara wanadhani dagaa ni watoto wa samaki. Mtu ananiambia "mbona mnavua watoto, mtamaliza bahari". Ndugu zangu, dagaa haongezeki hapo. Dagaa mchele ni mtu mzima na mayai tumboni. Tunamvua kwa taa usiku wa kiza, mwezi ukiwa mpevu tunalala. Wa Kigoma ni samaki wengine, wa Mwanza wengine, wa huku wengine. Jina moja, koo tofauti.

Kwa hiyo kuna udogo wa aina mbili. Mdogo kwa sababu hajakua, na mdogo kwa sababu ndivyo alivyo. Halafu kuna wa tatu: kijeba. Huyo alitakiwa akue, hakukua, lakini keshazeeka. Sokoni ukimwuzia mtu kuku kijeba anakurudia nayo.

Majahazi ya Fundi si mtoto, si kijeba. Ni dagaa.

#32 Fundi_Foromali
Hii ya dagaa imeniingia. Kaka umeongea.

#33 Mpita_Njia
JAHAZI DAGAA. Mkuu hela yangu ya soda.

#34 Kitochi_Hakizimi (Dar)
Vijana nao wana ki- yao jamani. Kitochi: simu ndogo yenye tochi. Hakuna simu inaitwa tochi ambayo kitochi ni mtoto wake! Simu imechukua jina la taa yake halafu ikapunguzwa. Na kipanya, zile Hiace za abiria, panya aliyepunguzwa ameubeba mtaa mzima na mizigo yao. Na kiroba! Roba ni gunia. Kiroba kikawa kipakiti cha pombe kali cha kubana mfukoni mpaka serikali ikavipiga marufuku Machi 2017. Gunia limepungua mpaka likaingia kwenye soksi.

Sasa niambieni, kitochi ni dharau au mapenzi? Mimi nacho miaka minane, nakipenda kuliko simujanja yangu.

#35 Mama_Vifuu
Ni mapenzi, mwanangu. Kitu ukikishika mkononi kikaenea, unakipa ki-.

#36 Kijiwe_Chetu
Na mbilikimo? Nilisikia maana yake ni "kimo mbili", yaani mtu wa vipimo viwili tu.

#37 Msomaji_wa_Nyaraka
Hiyo imeandikwa sana, lakini masikio yangu yanakataa. Kiswahili kingesema kimo cha mbili, au vimo viwili. Nani anaweka namba mbele ya jina? Ni maelezo yaliyotengenezwa baada ya neno, kama yale ya *miniatura*.

#38 Chale_wa_Kaole
Kwenye majina ya makabila na safari za misafara mambo mengi yalipinduliwa. Si lazima lifuate sarufi ya darasani.

#39 Mfupi_Anayeona (Tanga)
Nimesoma kimya tangu #1. Mimi mwenyewe ni wa kimo kifupi. Nitasema moja nirudi zangu. Hayo maneno, kibete na mengine, mtaani naitwa kila siku, na watoto wanayasema kama wanaita kitu. Sijui asili ya mbilikimo na sijali. Ninachojua ni upatanisho. Mtu akisema "kile kinapita" akimaanisha mimi, hapo ndipo ninapojua nia yake. Akisema "yule anapita", hata akitumia neno baya, nasamehe nusu.

#40 Mwalimu_Mstaafu
Ndugu yangu #39, asante. Umefundisha somo ambalo mimi nililifundisha vibaya. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kitoto kinalia na kitoto analia yote yanasikika, wachague. Haikunipitia kwamba kuna anayesikiliza upande wa pili.

#41 Binti_Sahare
Pole kaka. Na nakubali, ya kwangu ya #3 niliharakisha.

#42 Ndizi_Mbivu
Kijana anapita, kifaru anapita, kiboko anapita. Ila kijitu kinapita. Kwa hiyo kifaru kapewa heshima mtu kanyimwa. Sawa tu.

#43 Kitochi_Hakizimi
Basi na Kilimanjaro tuambieni. Mita 5,895, mlima mrefu kuliko yote Afrika, halafu jina ni *kilima*. Nani aliupunguza?

#44 Msomaji_wa_Nyaraka
Hapo utakesha. Mmisionari Mjerumani Rebmann aliuona mwaka 1848, tangu wakati huo maelezo hayajaisha. Wapo waliosema mlima wa ukuu, wapo waliosema mlima wa misafara kwa kuwa wapagazi waliutazama kama alama ya njia, wapo wanaosema si Kiswahili hata kidogo bali ni Kichaga, jambo linalomshinda mtu kupanda. Hiyo ya mwisho ikiwa kweli, basi ki- yake haihusiani na kilima chochote.

#45 Mwana_wa_Kagera
Ungekuwa Kalimanjaro ningeelewa.

#46 Mkonge_Damuni
Mimi naona ni utani wa pwani. Mtu akiwa mrefu sana mnamwita Kifupi. Kwetu kuna jamaa ana kilo mia na ishirini jina lake Kijiti, tangu utoto, na ukimwita jina la kwenye cheti hageuki.

#47 Chale_wa_Kaole
Hii nayo ni kweli kabisa. Nahodha wangu aliitwa Kidagaa, mlango alipita kiubavu.

#48 Sanaa_Tupu
Turudi kwa Fundi. Wanafunzi wa uchongaji huku Bagamoyo wanasema "mfano wa ngalawa", "mfano wa nyumba". Nao wasanifu majengo nimewasikia wakisema kielelezo. Lakini mfano una ubaya wake: mfano unaweza kuwa mkubwa kuliko chenyewe. Nimeona mfano wa jino umewekwa mlangoni kwa daktari wa meno, mkubwa kama kiti.

#49 Ustadhi_wa_Chuo
Kuna kombe na kikombe pia mmesahau. Kombe ni lile kubwa, kikombe ndicho cha chai. Huku kwetu kombe ni pia ile sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa, mgonjwa akanywa. Na kwenye mpira "Kombe la Dunia". Lakini timu ya mtaa wetu ikishinda wanasema wamechukua kikombe, na ukikitazama kile kikombe ni kirefu kuliko golikipa.

#50 Mpita_Njia
Golikipa wenu mfupi.

#51 Ustadhi_wa_Chuo
Ni mpwa wangu huyo.

#52 Mpita_Njia
Astaghfirullah. Samahani shehe.

#53 Fundi_Foromali
Wakuu, mrejesho. Nimekifuta kibao. Nikaandika kwa chaki maneno manne kila moja upande wake: VIJAHAZI, MAJAHAZI MADOGO, MIFANO YA MAJAHAZI, na kwa ajili ya kaka wa Deep Sea nikaandika MAJAHAZI DAGAA. Siku tatu nimewauliza wateja wao wangesema lipi. Watoto wote: vijahazi. Watu wa ofisini: mifano. Wageni wa bara: madogo. Wavuvi wanacheka ya dagaa halafu hawanunui.

Yule baharia mzee amerudi leo. Amekaa kwenye gogo muda mrefu, amelichukua moja akalizungushazungusha. Nikamwuliza, mzee wangu, hiki wewe ungekiitaje? Akaniambia: "Hili ni jahazi. Liko mbali tu."

#54 Mama_Vifuu
Subhanallah.

#55 Binti_Sahare
Kwa hiyo kibao unaandika MAJAHAZI YALIYO MBALI? Bei je, nayo iko mbali? Nataka moja la kupeleka ofisini, nitumie picha na gharama mpaka Tanga.

#56 Fundi_Foromali
Dada nimekutumia inboksi. Picha naweka na hapa wote waone. Hili ni la mtiki, tanga marekani mpya.

#57 Chale_wa_Kaole
Nimeikuza picha. Fundi, kazi safi, ila foromali lako umelifunga mbele ya mlingoti kinyume. Upepo wa kusi ukikupata hivyo na tanga halijageuzwa, unalala ubavu kabla hujafika Mbegani.

#58 Fundi_Foromali
Chale, hili linakaa juu ya runinga.

#59 Chale_wa_Kaole
Hata hivyo. Ligeuze.